Mtoto anatupa kadi za picha, wazazi wanasema "hamfundishi": tiba ya usemi inayomtazama mtoto kwa ujumla wake inapangwaje?

kikao_cha_pili

Habari wadau. Swali ni kwa walio kwenye tiba ya usemi na lugha, ila walimu wa madarasa ya awali pia karibuni.

Mtoto ana miaka 3 na miezi 4. Maneno yanayoeleweka ni kama 15, karibu yote majina ya vitu. Hajaanza kuunganisha maneno mawili. Agizo moja analifuata ("leta kiatu"), ukimpa mawili kwa mpigo anapotea. Akiwekwa mezani na kadi za picha anadumu dakika 2 au 3, kisha kadi zinaruka na yeye anaingia chini ya meza. Nyumbani kunazungumzwa lugha mbili, na jamaa wameshawashauri wazazi waache moja. Wazazi wenyewe wanataka kikao cha "sema hiki, sema kile". Kucheza wanaona ni kupoteza muda.

Maandishi mengi yanasifu tiba "yenye huruma" na "inayomjali mtoto kwa ujumla", halafu hayasemi saa 3 kamili asubuhi unafanya nini. Naomba mambo manne: nikague nini kabla ya kuweka malengo, dakika 45 nizigaweje, wazazi niwaambie nini, na maendeleo nitayapimaje bila kadi?

---

ngoma_ya_sikio

Anza na masikio, hata kama mtu ameshakuambia "anasikia, akiitwa anageuka". Kugeuka akiitwa si kipimo. Irabu zina nguvu na zinafika mbali. Sauti kama s, f, t na k ni hafifu, ndizo zinazopotea kwanza. Mtoto anaweza kugeuka kila ukimwita na bado akawa anasikia maneno yasiyo na kingo.

Majimaji nyuma ya ngoma ya sikio ndiyo yanayowadanganya wengi. Mara nyingi hayaumi wala hayatoi usaha, na usikivu unapanda na kushuka: wiki hii nzuri, wiki ijayo kama mtu anayesikiliza akiwa chini ya maji. Kwa hiyo omba vipimo viwili kwa mtaalamu wa usikivu: usikivu wa kila sikio peke yake, na timpanometria, kile kipimo kinachoonyesha kama ngoma inacheza inavyotakiwa. Kama alipimwa mwaka jana, rudia.

Kisha uliza usingizi (anakoroma? analala mdomo wazi?), meno, choo kigumu, macho. Mtoto mwenye maumivu au aliyelala vibaya hana nafasi ya kujifunza neno jipya, na wewe utaandika kwenye faili "hana umakini".

Jambo moja halisubiri kikao kijacho: kama alikuwa na maneno na yamepotea, apelekwe kwa daktari haraka, hasa daktari wa mishipa ya fahamu wa watoto. Kuna aina za kifafa zinazokula lugha bila mtoto kuanguka wala kutetemeka, na huonekana kwenye kipimo cha umeme wa ubongo akiwa amelala.

Kuhusu lugha mbili: hayo maneno 15 umeyahesabu katika lugha gani? Hesabu zote mbili, pamoja na ishara za mkono anazozitumia kwa maana ileile kila mara. Huenda ukafika 24. Lugha mbili hazisababishi tatizo la lugha. Tatizo likiwepo, linaonekana katika zote mbili. Na mzazi aliyekatazwa lugha yake huongea na mtoto kidogo zaidi, kwa sentensi fupi na ngumu, yaani unampunguzia mtoto kile anachokihitaji zaidi.

---

sakafuni

Mkuu hapo juu kamaliza suala la ukaguzi. Mimi nachukua zile dakika 45.

Dakika 5 hadi 7 za mwanzo: usiombe chochote. Kaa sakafuni, macho yako yawe sawa na yake au chini kidogo. Hakuna "hii nini?", hakuna "sema". Akigonga kopo, nawe gonga kopo lako. Wakati huo unahesabu kimyakimya: amekutazama mara ngapi kwa nia, amekuvuta mkono mara ngapi, ametoa sauti mara ngapi ya kukuelekea. Namba hiyo ndiyo msingi wako. Mtoto huyu ana maneno 15, lakini huenda anawasiliana mara 40 kwa dakika 10 bila neno, na hilo linabadilisha mpango mzima.

Dakika 20: michezo miwili au mitatu yenye zamu. Mpira wa kusukumana, vibao vya kutumbukiza koponi, mapovu ya sabuni. Chagua maneno lengwa 5 au 6 tu, na yasiwe majina. Majina anayo tayari, ndiyo maana haunganishi: huwezi kujenga sentensi kwa "gari" na "kiatu". Mpe *toa, tena, bado, juu, fungua, hapana*. Hayo yanashikana na karibu kila jina alilo nalo: "gari tena", "kiatu toa". Kila neno alisikie angalau mara 10 ndani ya mchezo mmoja, katika sentensi zinazotofautiana.

Sasa chupa ya mapovu. Puliza mara moja. Funga kifuniko, kaze kidogo. Ishike karibu na uso wako na unyamaze. Hesabu moyoni hadi 10. Hapa ndipo wengi huharibu, kwa sababu sekunde 4 za kimya zinamuuma mtu mzima kuliko mtoto. Akikutazama, akigusa kifuniko, akitoa sauti yoyote, sema "Fungua!" na ufungue *papo hapo*. Akisema "ngua", pokea, ni neno. Zikifika 10 na hakuna kitu, sema neno wewe mwenyewe na ufungue vilevile. Usimwambie "sema kwanza ndiyo nifungue". Ukimnyima mara mbili tatu mchezo umeshakuwa mtihani, na mtihani anajua pa kuukimbilia: chini ya meza.

Akitoa neno, lirudishe likiwa limekua. Yeye: "pira." Wewe: "Mpira! Mpira umeingia." Humsahihishi, humrudishi nyuma, ila amesikia umbo kamili ndani ya sekunde moja ya kujaribu kwake, akili ikiwa bado iko palepale.

Na hapa kuna kosa linalotokana na ushauri ulioandikwa kwa lugha nyingine: watu huambiwa waongee na mtoto kwa maneno mawili makavu, wakaanza "toto anguka", "pira ingia". Kwa Kiswahili hiyo ni hasara. Kitenzi chetu kimebeba nani, lini na nini ndani yake: *a-na-u-sukuma*. Ukivua viambishi, mtoto hana mahali pa kuokota mpangilio huo. Fupisha sentensi, usiichune. "Anausukuma." Neno moja, na sarufi yote imo.

Maswali yapunguze hadi moja kwa kila maelezo manne. "Hii nini?" ikirudiwa mara 30 humfundisha mtoto kwamba mazungumzo ni kukaguliwa.

Dakika 10: mzazi anashuka sakafuni, wewe unasogea pembeni. Hii ndiyo sehemu yenye thamani kubwa kuliko zote, na ndiyo inayokatwa muda ukibana. Kateni kitu kingine.

Zinazobaki ni za kufunga. Fungeni kwa namna ileile kila siku: onyo moja ("bado mara mbili, halafu kwisha"), vitu ndani ya mfuko, maneno yaleyale ya kuagana.

Ongeza ubao wa picha tangu kikao cha kwanza. Picha 12 hadi 20 zinatosha, ziwe na vitenzi, na "hapana" na "kwisha" zisikosekane. Ongea huku ukigusa picha, wewe kwanza, kwa siku nyingi, bila kumlazimisha aguse. Wazazi watasema "atazoea picha aache kuongea". Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2006 yalilitazama hasa swali hili na hayakuona usemi ukipungua. Wengi wa waliofuatiliwa waliongeza.

---

zamu_mia

Nakubali kwa nusu, na nusu nyingine nitaidai.

Kwanza hilo neno "huruma". Mzazi akilisikia anaelewa mtoto wake anaonewa huruma, kama masikini. Kinachotakiwa ni kujiweka mahali pa mtoto na kubadilisha kazi kufuatana na unachokiona ukiwa hapo. Unaweza kufanya hivyo na bado ukadai kazi nyingi.

Pili, dozi. Mpango wa "sakafuni" ni mzuri kwa mtoto aliyechelewa lugha. Lakini kama tatizo liko kwenye kupanga mijongeo ya usemi, yaani apraksia ya usemi, kusikia neno mara 10 hakutoshi. Mdomo wake lazima ulifanye. Dalili za kukutia shaka: neno lilelile linatoka tofauti kila mara ("toa" leo ni "toa", kesho "oda", kesho kutwa "ta"), irabu zinapinda, kadiri neno linavyorefuka ndivyo linavyovunjika, mdomo unaonekana kutafuta mahali pa kuanzia, na mkazo unakaa pasipo pake. Kwa maneno 15 huwezi kutoa hukumu, andika "inashukiwa" na uendelee kuangalia. Ila hapo panga majaribio mengi kwa maneno machache: maneno 5, na ulenge majaribio 100 kwa kikao.

Mia kwa mtoto anayechukia meza zinapatikanaje? Chukua bomba refu la karatasi na vibao 20. Kila kibao kinachotumbukia kina "juu!" yake, inasemwa pamoja, polepole, akiangalia mdomo wako. Vibao 20 ni kama dakika 2. Pumzika, akimbie, arudi. Mizunguko mitano, mia hizo. Mwanzoni mnasema kwa pamoja, kisha unaonyesha mdomo bila sauti, kisha unamwachia. Ukiondoa msaada haraka mno makosa yanajikita. Ukichelewa kuuondoa anakutegemea wewe.

Tatu, achana na kupuliza filimbi, kulamba midomo na kunyoosha ulimi kama dawa ya matamshi. Mtoto anayefundishwa kupuliza anajifunza kupuliza. Ulimi wa sauti "l" unasafiri njia ambayo haifanani na kulamba.

Na kwa kuwa tumetaja tiba ya kumjali mtu: ziko njia zinazojiuza kwa maneno hayohayo, kama ile ya msaidizi kushika mkono wa asiyeongea ili "aandike" kwenye herufi. Chama cha wataalamu wa fani hii Marekani, ASHA, kilitoa tamko mwaka 2018 kuipinga, kwa sababu majaribio yanaonyesha maneno ni ya msaidizi. Hapo mtu ananyang'anywa sauti huku akiambiwa amepewa.

---

kikao_cha_pili

Shukrani sana. Nimebakiwa na mawili: lile la chini ya meza na lile la vipimo. Pia kuna mama wa mtoto mwingine ana baba yake aliyepata kiharusi, anauliza kama kanuni ni zilezile kwa mtu mzima.

---

dakika_tano

Chini ya meza kuna taarifa, usiiandike kama "ukaidi". Rudi nyuma sekunde 30 kabla hajaingia: kulikuwa na swali? Kadi ya ngapi? Sauti ya kiti? Mtu aliingia? Andika kwa wiki mbili, kitu kimoja au viwili vitajirudia. Wakati huohuo usimvute atoke. Lala chini na tochi na kibao kimoja, kisukume kwake, nyamaza. Akikirudisha, zamu imeanza, na meza imekuwa mahali pa kazi. Mpe pia neno la kukataa. Mtoto mwenye "hapana" au picha ya "kwisha" *inayoheshimiwa* hana sababu ya kurusha kadi. Ukimfundisha "kwisha" kisha ukaendelea na kadi tatu zaidi, umemfundisha kwamba maneno hayafanyi kazi.

Vipimo. Video ya dakika 10, mchezo uleule, mzazi yuleyule, kila wiki 4. Hesabu vitu vinne: ameanzisha mawasiliano mara ngapi, ametumia maneno mangapi tofauti, ameunganisha mara ngapi, na kwa njia gani (neno, ishara, picha). Usihesabu maneno peke yake. Mtoto anaweza kukaa wiki 6 na maneno yaleyale huku kuanzisha kukipanda kutoka 12 hadi 30, na ukipima maneno tu utabadilisha mpango uliokuwa unafanya kazi.

Lengo liandikwe hivi: "Katika dakika 10 za mchezo, ataomba mchezo uendelee kwa neno, ishara au picha, angalau mara 5 bila kuongozwa, na watu 2 tofauti." Halafu liulize swali moja: likitimia, siku yake inabadilika vipi? "Atataja rangi 6" likitimia, hakuna kinachobadilika. Hapa ndipo ICF, ule mfumo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2001 wa kueleza afya na uwezo wa mtu, unasaidia kweli: unakulazimisha ujaze pia ushiriki wa mtu na mazingira yake, si kasoro ya kinywa tu. Wengi hujaza sanduku la kwanza, mengine wanayaacha tupu.

Wazazi. Kikao cha kwanza waambie waziwazi, bila wao kuuliza, kwamba hawakusababisha. Wengi hawataliuliza swali hilo lakini wamekuja nalo. Kisha uliza: "Katika siku ya kawaida, ni wakati gani unakuwa naye bila haraka?" Akijibu dakika 5 wakati wa kumvalisha, mpango ni dakika 5 wakati wa kumvalisha. Ukimpa zoezi la dakika 30 mtu mwenye dakika 5, hatafanya hata moja na wiki ijayo atakuficha.

Kazi iwe moja tu. Mfano: vaa soksi ya kwanza kama kawaida, ya pili ishike hewani na usubiri hadi 10. Basi. Wiki inayofuata mnaongeza.

Mrekodi mzazi dakika 3 hadi 5 akicheza, kisha tafuta vipande viwili alivyofanya vizuri. Simamisha picha, muulize: "Hapa ulifanya nini kabla hajaongea?" Akisema mwenyewe "nilinyamaza", hutahitaji kumhubiria. Makosa yake usiyaonyeshe kabisa vikao vya kwanza.

Na lile la "hamfundishi" lijibiwe kwa karatasi. Weka vijistari wakati wa mchezo, mwishoni mwonyeshe: "Leo amesikia 'toa' mara 34, amejaribu 6, na 2 kati ya hizo hakuna aliyemwomba." Mzazi aliyekuwa anaona mpira tu, sasa anaona somo.

---

kalamu_na_karatasi

Kwa mzee wa kiharusi: mtazamo ni uleule, mbinu ni nyingine. Ana lugha ya maisha mazima, njia za kuifikia ndizo zimeharibika, kwa hiyo usimfundishe kama mtoto. Kwanza hakikisheni amepimwa kumeza kabla ya kupewa chochote kinywani. Akikohoa anapokunywa au sauti ikiwa kama ina maji, simameni na mwiteni mtaalamu.

Kisha mazungumzo yenye msaada. Aura Kagan, mtaalamu wa tiba ya usemi wa Toronto, Kanada, ndiye aliyeyapa umbo linalofundishwa leo, na mzizi wake ni kumwambia mtu waziwazi: "Najua kwamba unajua." Kwa vitendo:

Zima redio na televisheni. Mtu mmoja aongee kwa wakati. Karatasi nyeupe na kalamu nene ya wino mweusi. Unaposema, andika neno kuu kwa herufi kubwa: DAKTARI. Chora mshale kama ni la wakati uliopita au ujao. Swali lianze pana kisha libane: "Ni kuhusu mtu?" NDIYO / HAPANA / KITU KINGINE, yote yameandikwa, aguse. Hiyo ya tatu msiisahau. Bila hiyo analazimika kuchagua jibu la uongo. Mkifika mwisho, rudia ulichoelewa kwa kuonyesha maneno yaliyo karatasini, athibitishe. Na thibitisha kwa njia mbili, kwa sababu wenye afasia (kuharibika kwa lugha kutokana na jeraha la ubongo kama kiharusi) wengi husema "ndiyo" wakimaanisha "hapana". Karatasi msitupe, kesho ataionyesha kwa mgeni kueleza jambo lilelile.

Kinachoharibu mara nyingi ni familia kumalizia sentensi zake. Muulizeni mapema, akiwa ametulia: akikwama anataka asubiriwe au asaidiwe? Jibu lake liandikwe na libandikwe mahali wageni wanapoliona. Mwambie huyo mama pia aangalie hali ya moyo ya baba yake: kukosa usingizi, kukataa chakula, kulia. Sonona ni ya kawaida baada ya kiharusi, na kwa mwenye afasia hupita bila kuonekana kwa sababu vipimo vyake vingi huuliza kwa maneno. Ipo mizani ya nyuso, ya kugusa tu. Aiombe.